Gari la Kulala Katika Theluji ya Japani: Dalili, Sababu na Utatuzi Safarini Kwenye Miji ya Maji Moto

Magari mengi ya kulala yanayokodishwa Japani yamejengwa juu ya Toyota HiAce, gari ambalo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi amelipanda tangu utotoni kama daladala au matatu. Usukani uko kulia, tunaendesha kushoto, na mlango wa pembeni unafungwa kwa kishindo kilekile. Kwa hiyo wengi wetu hulipokea kwa kujiamini, tukasahau kwamba tumelizoea katika joto la nyuzi 30, ilhali Kusatsu, mji wa chemchemi za maji moto, uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, Manza mita 1,800, na huko Sukayu, mkoani Aomori, theluji iliyolala ardhini ilipimwa kina cha sentimita 566 Februari 2013.

Kati ya Desemba na Machi malalamiko ya wasafiri wa aina hii hujirudia kila mwaka, na mengi yana tiba nyepesi ikiwa chanzo kitajulikana mapema. Nimeyapanga kufuatana na muda ambao kila tatizo linakupa kabla halijawa hatari. Baridi hukupa muda wa kufikiri, kuvaa, hata kubisha hodi kwa jirani. Hewa mbaya haikupi. Hivyo tunaanza na hewa, ingawa wengi husoma mwongozo kama huu wakitafuta habari za betri.

Kabla ya yote, andika namba hizi kwenye karatasi na uibandike karibu na usukani: 119 kwa gari la wagonjwa na zimamoto, 110 kwa polisi, #8139 kwa huduma ya barabarani ya shirikisho la madereva la Japani, JAF, na #9910 kwa kutoa taarifa za hatari barabarani. Simu iliyoishiwa chaji kwenye baridi haitakukumbusha namba yoyote.

Unaamka na maumivu ya kichwa, kichefuchefu au usingizi mzito usio wa kawaida. Au king'ora cha kaboni monoksidi kinalia

Hapa uchunguzi unakuja baadaye. Fungua milango yote, zima injini, hita na jiko, toa kila mtu nje, kisha ndipo uulize sababu. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na mtu aliyekwisha kuivuta hulegea akili, akajiambia kwamba atafungua dirisha baada ya dakika chache.

Sababu inayoongoza ni theluji kuziba bomba la moshi wakati injini inaunguruma. Dereva huacha injini ikiwaka ili kupata joto, theluji inaanguka usiku kucha, moshi unakosa pa kutokea, unarudi chini ya gari na kupenya ndani. JAF walifanya jaribio wakalifunika gari kwa theluji hadi kwenye boneti. Ndani ya nusu saa tu hewa ya ndani ilikuwa imefikia kiwango cha kuua. Kufungua dirisha kidogo kulipunguza hatari bila kuiondoa. Kilichosaidia kwa hakika ni kuondoa theluji iliyozunguka bomba.

Sababu ya pili ni jiko la gesi linalotumiwa kupasha chumba. Jiko ni la kupikia, dirisha likiwa wazi, kwa dakika zinazohesabika. Sababu ya tatu ni mabomba ya hita ya chumba, ambayo Japani huitwa hita ya FF. Hita hii huvuta hewa ya kuchomea kutoka nje na kutoa moshi nje, kwa hiyo ikiwa nzima ni salama; lakini bomba lake hutokeza chini ya sakafu, mahali hasa ambapo theluji hurundikana. Mara chache zaidi tatizo ni gari la jirani lililoegeshwa nyuma yako, moshi wake ukielekea kwenye dirisha lako, au bomba la hita lililopasuka kwenye kiungo.

Ukaguzi ni rahisi. Zunguka gari ukiwa na tochi na beleshi. Tafuta bomba la moshi la injini, kisha piga goti utafute bomba dogo la hita, lenye unene wa kidole gumba au zaidi kidogo. Yote mawili yawe na nafasi wazi ya kutosha pande zote. Theluji ikiendelea kuanguka, rudia kazi hiyo kabla ya kulala na kila unapoamka usiku. Mimi huegesha gari sehemu ya nyuma ikielekea upande usiopigwa na upepo, kwa sababu upepo ukivuma huweza kujaza shimo ulilochimba muda mfupi baada ya kumaliza.

Somo hili si la kinadharia. Usiku wa tarehe 16 Desemba 2020 theluji kubwa ilikwamisha takribani magari 2,100 kwenye barabara kuu ya Kan-Etsu, njia hiyohiyo inayowatoa wasafiri Tokyo kuelekea Gunma na Niigata, na kuna waliokaa humo zaidi ya siku moja. Ukikwama hivyo, zima injini, jifunike kila ulichonacho, na uwashe kwa vipindi vifupi tu baada ya kuhakikisha bomba liko wazi.

Acha kujitibu na upige 119 iwapo mtu amechanganyikiwa, anatapika, hawezi kusimama au amezimia. Hata aliyepata nafuu baada ya kuvuta hewa safi anapaswa kuonwa na daktari. Na kama king'ora kililia huku mabomba yote yakiwa wazi, usiiwashe hita hiyo tena mpaka fundi aikague. Kalale hotelini usiku huo.

Hita ya chumba inazima usiku wa manane, au haiwaki kabisa

Watu hudhani hita imekufa. Mara nyingi iliyokufa ni betri ya chumba. Hita ya FF hutumia umeme kidogo ikishashika moto, lakini wakati wa kuwaka plagi yake huvuta ampea 8 hadi 10 kwa dakika chache, na betri iliyochoka kwa baridi huanguka volti, kisha hita hujizima ili kujilinda. Tazama kipimo cha volti wakati hita inajaribu kuwaka, si wakati imetulia. Kikishuka chini ya volti 11 hivi, zima friji, taa na chaja zote, washa injini bomba la moshi likiwa wazi, subiri, kisha ujaribu tena.

Iwapo gari lina betri ya lithiamu, kuna jambo moja ambalo wakodishaji hawalisemi kila mara: betri za aina hiyo hazipaswi kuchajiwa joto lake likiwa chini ya sifuri, na mfumo wake wa ulinzi hukata chaji wenyewe. Utaendesha saa tatu kutoka Nagano ukidhani betri inajaa, nayo haijapokea chochote. Pasha chumba wakati wa safari kwa hita ya injini ili betri ipate joto kwanza, kama imewekwa ndani ya chumba.

Baada ya umeme, kagua theluji kwenye bomba la hewa la hita. Kisha mafuta: katika magari mengi mrija wa hita umewekwa usifike chini ya tangi, ili usiku mmoja wa baridi usikumalizie mafuta ya kuendeshea, kwa hiyo tangi likishuka chini ya robo, hita hukosa mafuta ilhali injini inawaka vizuri.

Sababu inayokuja mwisho, lakini inayowasumbua sana wanaolala Manza na Shiga Kogen, ni mwinuko. Hewa ya juu ni nyepesi, mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, na masizi hujijenga ndani ya chumba cha kuchomea. Dalili yake ni hita kuwaka kwa shida, kutoa moshi mweusi na kuzima. Usiiendeshe usiku kucha kwa moto mdogo kabisa. Iache kwanza iwake kwa nguvu kamili kwa nusu saa, kwa kuwa moto mkali huunguza masizi. Kama inatoa moshi mweupe mzito wenye harufu ya dizeli mbichi, usiiwashe tena na tena. Kila jaribio lililoshindwa huacha mafuta mabichi ndani, na siku yatakaposhika moto yatashika yote kwa pamoja. Hapo ni kazi ya fundi.

Injini haiwaki asubuhi

Sikiliza kwanza. Kama unasikia mlio wa tak-tak-tak, au stata inazunguka kwa uvivu, tatizo ni betri. Kama stata inazunguka kwa kasi nzuri na injini haishiki, tatizo ni mafuta. Kuzitofautisha sauti hizi mbili kutakuokolea asubuhi nzima.

Betri ndiyo sababu ya kwanza ya watu kumwita fundi wa JAF, na wakati wa baridi sababu iko wazi: betri ya risasi na asidi hupoteza sehemu ya nguvu zake wakati ambapo oili nzito inaitaka nguvu zaidi. Kagua kama taa zimezimwa, kama vichwa vya betri vimekaza na kama havina ukoga mweupe. Ukipata gari la kukubusti, unganisha chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na waya wa mwisho uunge kwenye chuma cha injini yako mbali na betri. Lakini itazame betri yako kabla ya kugusa waya. Betri iliyoisha chaji huweza kuganda ndani. Ikiwa ubavu wake umevimba au una ufa, usiibusti wala usiichaji, kwa kuwa inaweza kupasuka na kurusha asidi.

Upande wa mafuta, wageni wengi hawajui kwamba dizeli ya Japani si moja. Vituo vya ukanda wenye joto huuza namba 2, ambayo huanza kuziba filta kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Vituo vya milimani na kaskazini huuza namba 3, inayostahimili nyuzi 12 chini ya sifuri, na Hokkaido hupatikana namba 3 maalumu, inayofika nyuzi 19 chini ya sifuri. Baridi ikizidi kiwango hicho, nta iliyomo ndani ya dizeli hujitenga na kuwa mfano wa samli iliyoganda, ikaziba filta. Anayejaza tangi Tokyo, akapanda moja kwa moja hadi Nozawa na kulala, amebeba namba 2 mlimani. Jioni gari lilikuwa zima; alfajiri injini inashika sekunde chache na kuzimika.

Kinga yake ni kufika mlimani tangi likiwa nusu au chini ya hapo, na kujaza kituo cha wenyeji kabla ya kulala, kisha kuendesha kilomita kadhaa ili mafuta mapya yafike kwenye filta. Kama yameshaganda, acha kuzungusha stata, utamaliza na betri pia. Subiri jua la mchana, au omba gari livutwe hadi kwenye gereji yenye joto. Filta ibadilishwe na fundi. Usiweke moto wa aina yoyote chini ya tangi. Na usichanganye mafuta ya taa ndani ya dizeli, hata kama mtu amekuambia kwao hufanya hivyo. Vituo vya Japani huuza mafuta ya taa palepale kwa ajili ya hita za nyumbani, lakini kuyachanganya na dizeli ya gari bila kibali ni kosa la kodi kisheria.

Kuna kosa jingine la kituoni. Dizeli kwa Kijapani ni keiyu, 軽油, na pampu yake kwa kawaida ni ya kijani. Petroli ya kawaida ni nyekundu, na ya daraja la juu ni ya njano. Magari madogo yenye namba za njano huitwa kei, na baadhi yao yamegeuzwa kuwa ya kulala. Mgeni husikia kei akadhani keiyu ni mafuta yake, kumbe gari linatumia petroli. Ukishagundua umeweka mafuta yasiyo yake, usigeuze ufunguo hata kidogo. Gari ambalo halijawashwa husafishwa tangi tu, lakini likiwashwa huharibu pampu na nozeli zake.

Tairi zinazunguka lakini gari haliendi, au linateleza kwenye mteremko

Anza kwa kutazama tairi zenyewe. Tairi za theluji za Japani hazina misumari, na zina alama ndogo iliyoinuka kati ya meno inayoonekana pale meno yanapokuwa yamelika nusu. Alama hiyo ikilingana na uso wa tairi, tairi hiyo haifai tena kwa theluji, hata kama kwa macho ya mtu wa lami kavu bado inaonekana mpya. Kagua hili siku ya kukabidhiwa gari, ukiwa bado mjini, maana mlimani hutapata wa kumlalamikia. Kuendesha kwenye theluji kwa tairi za kawaida ni kosa katika mikoa yote isipokuwa Okinawa.

Sababu ya pili ni uzito. HiAce isiyo ya magurudumu manne husukumwa na tairi za nyuma, na mizigo mingi ikikaa mbele, nyuma hubaki nyepesi. Hamishia maji na mabegi juu ya ekseli ya nyuma. Sababu ya tatu ni dereva mwenyewe: kukanyaga mafuta huyeyusha theluji chini ya tairi na kuigeuza barafu laini kama kioo. Acha kukanyaga. Ondoa theluji mbele na nyuma ya kila tairi, kisha uende mbele na nyuma polepole, kidogo kidogo, mpaka upate njia. Zulia la sakafuni chini ya tairi zinazosukuma husaidia, ilimradi hakuna mtu aliyesimama nyuma, kwa kuwa zulia hurushwa.

Minyororo huvalishwa kwenye tairi zinazosukuma, yaani za nyuma kwa HiAce ya kawaida. Jifunze kuifunga ukiwa kwenye uwanja mkavu wa maegesho na glavu mkononi, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havitajifunza kitu pembeni mwa barabara. Tangu Desemba 2018 kuna vipande 13 vya barabara nchini humo ambavyo, tahadhari ya theluji kubwa ikitangazwa, haviruhusu gari lolote lisilo na minyororo, hata likiwa na tairi nzuri za theluji.

Barabara zenyewe nazo zina lugha yake. Lami ya rangi ya kutu mkoani Niigata imepakwa rangi hiyo na maji ya chini ya ardhi yanayorushwa na mabomba ya katikati ya barabara ili kuyeyusha theluji. Pale mabomba yanapoishia, maji hayo huganda, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kutoka kwenye kipande chenye maji. Madaraja na midomo ya mahandaki huganda kabla ya sehemu nyingine. Barafu nyeusi inafanana na lami iliyolowa. Kama tairi zimenyamaza ghafla na hakuna maji yanayorushwa, umeshakanyaga barafu. Toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, tumia gia ya chini.

Wakati wa kuacha kujisaidia na kuita msaada ni pale gurudumu linapoingia mtaroni. Miji ya theluji ina mitaro ya maji yanayokimbia kandokando ya barabara, ambamo wenyeji hutupa theluji wanayoisafisha, na mara nyingine kingo zake hufunikwa na theluji usizione. HiAce iliyoinamia mtaroni haisukumwi na watu wanne. Washa taa za hatari, shusha abiria upande ulio salama, piga #8139.

Injini inawaka lakini gari limeshikwa. Milango na waipa havifunguki

Breki ya mkono imeganda. Theluji na maji huingia kwenye kebo na ngoma, usiku unapita, asubuhi tairi za nyuma hazizunguki. Wenyeji huegesha gari likiwa kwenye P, au kwenye gia kwa gari la mkono, hawavuti breki, na huweka vizuizi vya tairi. Ikishaganda, pasha injini na usogeze gari mbele na nyuma kwa upole. Likikataa, usilazimishe, kebo itakatika.

Mlango wa pembeni nilijifunza kwa gharama pale Nozawa. Nilivuta mpini kwa mkono mmoja, kama tunavyovuta mlango wa daladala, nikasikia mlio mdogo wa kitambaa kinachochanika: mpira wa mlango ulikuwa umeshikamana na bodi, na kipande cha urefu wa kiganja kikabaki upande usio wake. Usiku huo upepo uliingia hapo. Sasa husukuma mlango kwa ndani kwanza, kwa bega, ili barafu ivunjike, kisha ndipo nivute. Dawa ya silikoni ikipakwa kwenye mipira jioni huzuia kabisa. Usimwage maji ya moto: kioo hupasuka, na maji yenyewe huganda mahali pabaya zaidi. Waipa ziinue zisimame usiku, na maji ya kioo yawe ya aina isiyoganda.

Harufu ya mayai yaliyooza

Hii inahitaji utulivu, kwa sababu ina maana tatu tofauti. Ya kwanza, na ya kawaida kabisa, ni chemchemi zenyewe. Kusatsu, Zao, Manza na Noboribetsu hunuka hivyo mji mzima. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi kwa kiwango kidogo, na madhara yake utayaona kwenye pete ya fedha iliyogeuka nyeusi.

Maana ya pili ni betri. Betri ya risasi inayochajiwa kupita kiasi hutoa gesi hiyohiyo. Siku mbili nikiwa Zao niliamini kwamba harufu iliyokuwa ndani ya gari ni ya mji, mpaka tulipoteremka bondeni, kilomita nyingi kutoka kwenye chemchemi yoyote, nayo haijapungua. Betri chini ya kiti ilikuwa moto kuishika. Kwa hiyo kipimo ni hiki: ondoka mjini, fungua madirisha, uone kama harufu inabaki nyuma. Ikikufuata, zima injini na chaja, fungua milango, usiwashe kiberiti wala usiguse betri iliyovimba, na umwite fundi.

Maana ya tatu ndiyo inayoua. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hutulia kwenye mashimo, na ikizidi hupumbaza pua, hata harufu ikatoweka. Theluji huitengenezea mtego, kwa sababu joto la ardhi huyeyusha theluji kutoka chini na kuacha shimo lenye gesi, huku juu pakionekana laini. Tarehe 29 Desemba 2005, katika chemchemi ya Doroyu mkoani Akita, familia ya watu wanne ilifariki katika shimo la namna hiyo kando ya maegesho. Usiegeshe bondeni karibu na mvuke unaotoka ardhini, usiwaache watoto wacheze kwenye theluji karibu na maegesho ya chemchemi za salfa, na usivuke kamba wala uzio. Ukimwona mtu ameanguka shimoni, usimfuate. Inauma kuliandika hili, lakini anayeshuka kuokoa bila vifaa huanguka juu ya yule wa kwanza. Piga 119 ukiwa mbali.

Maji hayatoki na jiko halina nguvu

Pampu na mabomba vimeganda, au tangi la maji machafu chini ya gari limegeuka barafu. Usilazimishe pampu. Njia bora majira hayo ni kukausha mfumo wote na kutumia madumu ndani ya chumba. Usijaze tangi kwa maji ya chemchemi: ya Kusatsu yana asidi ya takribani pH 2, na mto unaoyapokea hutiwa chokaa tangu 1964 ili kupunguza ukali wake. Chuma na mipira ya pampu haina chokaa ya kuilinda.

Jiko la kopo la gesi hulegea kwa sababu butani haigeuki mvuke chini ya nusu nyuzi chini ya sifuri. Nunua makopo ya baridi yaliyochanganywa na isobutani au propani, au lala na kopo ndani ya chumba mbali na hita. Usilipashe kwa moto.

Ramani inakupeleka kwenye lango lililofungwa

Kwa macho, Kusatsu na Shiga Kogen ni majirani. Barabara ya 292 inayoziunganisha hupanda hadi mita 2,172, na hufungwa tangu Novemba hadi Aprili. Utalazimika kuzunguka mlima mzima. Barabara inayopita Sukayu kwenye milima ya Hakkoda nayo hufungwa sehemu moja mpaka mwisho wa Machi. Programu nyingi za ramani hulijua jambo hili, lakini si kila mara. Alama ya kukumbuka ni 通行止, yaani hakuna njia. Usizunguke kizuizi ukifuata alama za tairi za gari la kusafisha theluji.

Unagongewa kioo usiku, au unashtuka kwa kishindo juu ya paa

Vituo vya barabarani, michi-no-eki, vinaruhusu kupumzika na kusinzia, lakini havikuwekwa kwa ajili ya kuweka kambi, na dereva wa gari la kusafisha theluji anahitaji nafasi yako saa kumi alfajiri. Tafuta RV Park, maegesho yaliyotengwa kwa magari ya kulala. Baadhi yako kando ya nyumba za kuogea. Popote utakapolala, usiegeshe chini ya ukingo wa paa. Theluji inayoporomoka paani ni nzito na ngumu, na huvunja kioo cha mbele.

Kizunguzungu baada ya kuoga

Sababu ya kwanza ni tofauti ya joto: umetoka kwenye baridi ya nyuzi 5 chini ya sifuri, ukaingia kwenye maji ya nyuzi 42 au zaidi, mishipa ikatanuka na shinikizo la damu likashuka ulipoinuka ghafla. Pombe, njaa na kukaa muda mrefu huongeza tatizo. Jimwagie maji kuanzia miguuni kabla ya kuingia, toka polepole, kunywa maji, keti penye hewa. Kizunguzungu cha aina hii hupungua katika dakika chache.

Kisipopungua, au kikipungua ukumbini na kurudi ukiingia garini, au wenzako ambao hawakuoga wanalalamika vilevile, si maji. Fungua milango, rudi kwenye sehemu ya kwanza ya mwongozo huu, ukakague mabomba kabla hujafanya jambo jingine. Maumivu ya kifua, ulegevu wa upande mmoja wa mwili au ulimi mzito si wa kusubiri asubuhi: 119, na mwombe mwenye nyumba ya kuogea aongee nao, maana yeye ndiye ataeleza mahali mlipo kwa haraka.